Umesoma Botania, huna kazi, unataka kompyuta? Soma hapa kwanza

Wengine mmeanza kulalamika kwamba ukumbi huu umekuwa wa siasa tupu na kurushiana maneno, kwa hiyo leo naweka kitu kingine. Kuna mdau mmoja, binti, aliniandikia baruapepe kutoka kafe moja pale Morogoro (jina nalihifadhi). Nafupisha: "Kaka, nimemaliza shahada ya Botania mwaka juzi. Nimeomba kazi mpaka nimechoka. Kuna mtu kaniambia siku hizi utafiti wa mimea unafanywa kwenye kompyuta, na kwamba kuna watu wanalipwa kusoma. Ni kweli au ni zile habari za mtandaoni? Mimi kompyuta najua Word na Excel tu."

Mdogo wangu, ni kweli. Ila ukweli wenyewe una vipengele vyake, na watu wengi wanaoutangaza wanakuficha nusu. Mimi nilipita huko kidogo kabla sijakimbilia kuandika, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua. Kaeni vizuri, ni ndefu. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kwisha, ihifadhi kwenye fleshi ukasome nyumbani.

Kwanza, kompyuta inatafuta nini shambani?

Nitatumia muhogo, maana wote tunaula. Muhogo wetu una maradhi mawili makubwa. Moja ni batobato, lile linalokunja majani na kuyatia madoa ya njano. Lingine ni michirizi kahawia, ambalo ndilo baya kwa sababu ni la kimya kimya: majani yanaweza kuonekana mazima kabisa, mkulima anasubiri mwaka mzima, siku ya kung'oa anakata kiazi na kukuta ndani kimekuwa kahawia na kikavu kama kizibo. Hakiliki, hakiuziki. Na yote mawili yaliandikwa kisayansi mara ya kwanza kutoka milima ile ile ya Usambara: batobato mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, michirizi kahawia mwaka 1936 na Storey wa kituo cha Amani. Yaani hii ni habari ya nyumbani kabisa.

Yote mawili yanaletwa na virusi, vinasambazwa na nzi weupe, na pia na sisi wenyewe tunapopeana pingili za kupanda. Virusi vya michirizi kahawia vina urefu wa herufi kama 9,000 hivi. Ukizichapa ni kurasa nne, unaweza kukaa nazo na kalamu. Lakini muhogo wenyewe una jozi 18 za kromosomu na herufi zaidi ya milioni 700. Ngano ndiyo usiseme, jenomu yake iliyotolewa mwaka 2018 ni kama bilioni 16. Hapo kalamu haifui dafu. Na hata zile kurasa nne, ukiwa na sampuli 300 kutoka Mtwara mpaka Bukoba na unataka kujua zipi ni ndugu na zipi zimetoka wapi, unahitaji mashine.

Sasa sikilizeni kisa cha Uganda, maana ndicho kilichonifanya mimi nielewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizuka batobato kali kuliko iliyozoeleka. Ikasambaa miaka ya 1990, mashamba yakaisha, sehemu za nchi watu wakapata njaa. Vipimo vya zamani vilikuwa vinatambua kirusi kwa ganda lake la nje. Vikapima, vikasema: huyu ni yule yule wa Afrika tunayemjua. Mwaka 1997 watafiti waliposoma herufi zenyewe na kuzilinganisha, ikaonekana ni mwingine. Ni kirusi cha Afrika Mashariki kilichochukua kipande cha jeni ya ganda kutoka kwa mwenzake. Mbwa mwitu kavaa ngozi ya mbuzi! Kipimo kilikuwa kinaangalia ngozi. Aliyemfichua ni mtu aliyekaa na kulinganisha mistari ya A, C, G na T.

Kazi hiyo ya kulinganisha, kuhesabu, kuchora ukoo wa virusi, kutafuta jeni ipi ya muhogo inazuia ugonjwa, ndiyo inayoitwa bioinfomatiki, au baiolojia ya kikokotozi kwa wanaopenda maneno marefu. Wenye ubishi watasema hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwa leo tusigombane.

Mfano wa mtu wetu

Msije mkadhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Dk. Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti wa kituo cha Mikocheni pale Dar, alifanya uzamivu wake Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kazi yake ilikuwa kusoma virusi vya michirizi kahawia kutoka Pwani na kutoka Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba vya Pwani na vya Ziwa si kitu kimoja. Leo wanasayansi wanavihesabu kama spishi mbili. Halafu walipolinganisha herufi wakakuta kirusi kina jeni inayofanana na jeni za kusafisha taka ndani ya chembe hai, kitu ambacho ndugu zake wengi wa karibu hawana. Hiyo hukuioni kwa darubini. Unaiona kwa kulinganisha na maktaba ya dunia nzima, na maktaba hiyo iko mtandaoni, bure, hata hapo ulipokaa.

Mwingine ni Joseph Ndunguru, aliyekuja kuongoza kituo hicho cha Mikocheni. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa virusi vya batobato vya Tanzania, wakaonyesha dalili kwamba Afrika Mashariki ndiko vilikojaa aina nyingi zaidi. Baadaye yeye, Titus Alicai wa Uganda na Laura Boykin, mama wa Kimarekani ambaye ni mtu wa kompyuta hasa, wakawa wanakwenda na kifaa cha kusoma vinasaba mpaka shambani. Kifaa chenyewe kinaingia mfukoni, kinachomekwa kwenye laptopu kama fleshi. Mwaka 2019 walichapisha jinsi walivyopima majani chini ya mti na mkulima akapata jibu siku ile ile. Zamani jani lilisafirishwa ng'ambo na jibu lilirudi baada ya miezi, msimu umeshapita.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, naomba niuseme. Kwa miaka mingi kazi ya kijana wa hapa kwenye miradi ya namna hii ilikuwa kuchuma majani. Anapanda pikipiki, anatembea jua kali, anaandika namba kwenye bahasha, anazituma. Huko zilikokwenda zinasomwa, makala inaandikwa, jina lake linakuja kwenye shukrani mwishoni, mstari mmoja. Si kila mara ni kwa ubaya. Mara nyingi ni kwa sababu huku hakukuwa na mtu wa kuchambua data. Asiyeweza kuchambua hana sauti mezani. Ndiyo maana nawashawishi mjifunze hiki kitu, hata kama mwishowe hamtaenda popote.

Milango ya kuingilia

Watu wanaingia kwa njia tatu. Wapo waliosoma mimea, kilimo au baiolojia, wakajifunza kompyuta baadaye. Wapo wa kompyuta waliojifunza mimea. Na wapo wa hisabati na takwimu, hawa wanapendwa sana ila hawajijui. Kwa wa hisabati nitasema neno moja tu: tazameni AIMS, ile taasisi ya Afrika ya hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na sasa iko mpaka Rwanda. Inatoa masta kwa ufadhili, na wahitimu wake wapo waliokwenda kwenye baiolojia.

Wa kompyuta, kazi yenu rahisi ya kuanzia ipo na ni ya hapa hapa. Maabara ya akili bandia ya Makerere na wenzao wa utafiti wa mazao Uganda walikusanya picha za majani ya muhogo, 21,367 zilizowekewa alama, makundi matano: magonjwa manne na jani zima. Zilitumika kwenye mashindano ya mtandao wa Kaggle mwaka 2020. Data hiyo bado ipo. Usijaribu kuidanlodi hapo kafe, utaliwa hela na haitamalizika; ifanyie kazi huko huko kwenye tovuti yao, wanakupa mashine yao kwa saa kadhaa kila wiki bila malipo.

Sasa turudi kwa binti wa Botania, maana wengi mko kundi lake.

Mdogo wangu, usianze kwa kutafuta ufadhili. Anza kwa kujifunza kitu kimoja, miezi mitatu, sita. Kitu chenyewe ni ama R au Python, usichague zote mbili. R ilitengenezwa na wanatakwimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, ni bure, na watu wa mimea wanaitumia sana. Kuna tovuti inaitwa Rosalind, inafundisha Python kwa maswali ya vinasaba: swali la kwanza unahesabu tu herufi A ziko ngapi, C ngapi. Unapanda ngazi pole pole. Huna kompyuta yako? Google Colab inakuruhusu kuandika na kuendesha Python ndani ya kivinjari, husakinishi kitu. Galaxy nayo ni tovuti ya kuchambua data za vinasaba kwa kubofya, kazi inafanyika kwenye mashine zao kubwa, kwa hiyo hata kompyuta ya kafe iliyochoka inatosha.

Zoezi la leo leo, kabla muda wako haujakatika: fungua GenBank, hifadhi ya mfuatano wa vinasaba iliyoanza mwaka 1982. Tafuta virusi vya michirizi kahawia vya Tanzania kwa jina lake la Kiingereza. Nakili herufi zake. Zibandike kwenye BLAST, subiri, uone inakuletea nani na nani wanaofanana. Utaona majina ya sehemu unazozijua. Mimi mara ya kwanza nilipoona jina la mkoa wetu kwenye hifadhi ya Marekani nilicheka mwenyewe mpaka jirani wa kompyuta ya pili akanigeukia.

Kitu cha pili ni Linux, ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Inatisha siku tatu za kwanza, halafu inazoeleka. Kazi kubwa zote za fani hii zinafanyika huko.

Na cha tatu, usidharau Botania yako! Watu wa kompyuta wanaokuja bila mimea wanafanya makosa ya kuchekesha: anachanganya jani changa na jani zee, halafu anashangaa kwa nini jeni zimebadilika. Wewe unajua jani lina umri, lina mchana na usiku. Barbara McClintock aligundua jeni zinazohamahama kwa kuangalia rangi za punje za mahindi, bila kompyuta, na akapata Nobel mwaka 1983. Jicho la shambani linathamani yake.

Masta kwanza, au moja kwa moja?

Inategemea unaelekea wapi, na hapa ndipo watu wanapotezwa. Marekani unaweza kuomba PhD ukiwa na shahada ya kwanza tu. Inachukua miaka mitano, sita. Idara nyingi za sayansi zinakulipia ada na kukupa posho ya kuishi, wewe unafundisha wanafunzi au unafanya utafiti. Mwaka wa kwanza kwenye programu nyingi unazunguka maabara mbili tatu, wiki kadhaa kila moja, ndipo unachagua mwalimu. Na ule mtihani wa GRE uliowakimbiza wengi, idara nyingi za baiolojia zimeshauondoa. Angalia idara moja moja.

Ujerumani na Uholanzi ni lazima uwe na masta, kwa kawaida. Lakini PhD huko mara nyingi ni ajira kabisa, nafasi inatangazwa kama kazi, ina mkataba na mshahara. Wageningen kule Uholanzi wana mtindo unaoitwa wa sandwichi: unaanza kule, unarudi nyumbani kufanya utafiti, unamalizia kule. Unawafaa wenye familia. Ujerumani kuna DAAD, Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, hizi ni njia za siku nyingi na zinaeleweka.

Usiruke nyumbani na jirani, lakini. Sokoine pale Morogoro una bahati unapita mlangoni. Nelson Mandela Arusha. Kenya, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Nairobi wamefundisha masta ya bioinfomatiki, Uganda Makerere vivyo hivyo, kupitia mtandao wa mafunzo wa Afrika Mashariki uliokuwa ukiratibiwa na icipe. Ghana kuna WACCI, tangu 2007 inatoa PhD za kuzalisha mbegu. Afrika Kusini kuna Pretoria na Stellenbosch. Na mtandao wa H3ABioNet ulioanzishwa mwaka 2012 ulikuwa ukiendesha kozi ya utangulizi bure kuanzia 2016, wanafunzi wamekaa darasani nchini mwao, mwalimu yuko kwenye video. Mradi mama ulikwisha, lakini masomo waliyoandaa yaliachwa wazi mtandaoni.

Mimi nikiulizwa, masta ya karibu halafu PhD ya mbali. Ukishakuwa na masta yenye uchambuzi wako mwenyewe ndani yake, unaongea na profesa wa ng'ambo ukiwa umesimama.

Barua kwa profesa

Nikiri kosa langu. Nilipokuwa natafuta nafasi niliandika barua moja, nikaituma kwa maprofesa arobaini. "Mimi ni kijana mwenye bidii na ninapenda sana sayansi..." Majibu? Mawili. Mmoja alisema asante, hapana. Mwingine alinijibu kwa upole kwamba nimesahau kubadilisha jina, nimemwita kwa jina la mwenzake. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Rafiki yangu mmoja alituma barua tatu tu. Kila moja alikuwa amesoma makala ya profesa mwenyewe, akauliza swali moja la kweli kuhusu mchoro mmoja, akaweka kiungo cha kazi ndogo aliyofanya kwenye data ya wazi. Aya tatu fupi. Wawili walimjibu wiki ile ile. Hakuwa na alama kubwa kunizidi, alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kuhusu alama, wengi mnauliza. Ndiyo, zinaangaliwa, na chini ya kiwango fulani maombi yanachujwa. Lakini mwenye alama za kati na kazi inayoonekana hayuko pabaya kama mnavyodhani. Barua za wadhamini nazo zina uzito mno. Mwalimu wa chuo anayekukumbuka kwa jina ni mtaji. Msalimie hata kama huna shida naye.

Matapeli, na mambo mengine machungu

Wakala akikwambia ana nafasi ya PhD, utume laki kadhaa ya "kushikilia kiti", funga hiyo dirisha. Hakuna anayeuza viti vya PhD. Gharama halali zipo: ada ya maombi kwenye vyuo vya Marekani (unaweza kuomba usamehewe, wengi hawajui), mtihani wa Kiingereza, viza. Hizo unalipa kwenye tovuti ya chuo au ubalozi, si kwa simu ya mtu.

Pili, fedha za utafiti zinategemea siasa za watu wengine. Mwaka 2025 USAID ilivunjwa na miradi mingi ya utafiti wa kilimo ikakatika katikati, wanafunzi wakiwemo. Kabla hujasaini popote, uliza: fedha za miaka mingapi zipo mkononi, na zikikatika nani ananibeba? Profesa mwaminifu hatakasirika.

Tatu, kazi za kurudia nyumbani si nyingi. Taasisi za serikali kama TARI, vyuo, vituo vya kimataifa kama IITA na ILRI, basi. Sitakudanganya. Kinachosaidia ni kwamba ujuzi wenyewe unahama. Anayeweza kusoma virusi vya muhogo anaweza kusoma virusi vya binadamu. Wakati wa korona maabara ya Kilifi ilisoma vinasaba vya kirusi vya Kenya, na watu wa uchambuzi walikuwa wanatafutwa kila kona. Anayeweza kuchambua data ya jeni hata kampuni ya simu itamhitaji, ingawa hapo ndipo tunapopoteza watu wa muhogo.

Na upweke. Hili hawalisemi kwenye matangazo. Miaka mitano unaangalia skrini, programu inagoma usiku wa manane kwa sababu ya alama moja ya mkato, baridi nje, nyumbani wanauliza "unamaliza lini, na hicho unachosoma ni udaktari wa hospitali?" Kuna wanaoacha, na si wajinga.

Binti wa Morogoro, baruapepe yako nimeijibu kwa urefu na nimekuwekea viungo. Ukishafanya lile zoezi la GenBank niandikie ulichokiona. Walioko ndani ya fani, Nairobi, Kampala, Wageningen na kokote, tusahihisheni na muongeze kwenye maoni hapo chini, hasa nafasi mnazozijua zenye fedha mkononi. Matusi nitafuta, kama kawaida.